Seti za waya za ethi kwenye pikipiki: nimefunga, nimepima, wese ni lile lile

Wakuu, naleta mrejesho wa hii kitu maana vijiweni imekuwa gumzo na vijana wanatoa hela zao kila siku. Nazungumzia zile seti za waya za ethi za pikipiki (ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), waya tano hivi za bluu au nyekundu zenye vichwa vya kung'aa, pamoja na kiboksi kidogo chenye kitaa kinachokaa juu ya betri. Kwenye mfuko wameandika inapunguza ulaji wa mafuta mpaka asilimia 30, inaongeza nguvu, taa zinakuwa kali, betri inadumu. Yangu nilinunua Kariakoo elfu 25, muuzaji alianzia elfu 40 tukavutana. Jina la kampuni sitaji kwa sababu zipo za majina mengi na ukizifungua ndani hazipishani. Kwa asiye na muda wa kusoma yote, kama chombo chako ni cha kabureta na ethi yake ya kiwandani ni nzima, hii seti haikupunguzii mafuta hata tone, na kama ethi yako imeoza itakusaidia kweli, ila kipande cha waya cha buku mbili na msasa vinafanya kazi hiyo hiyo.

Chombo changu ni mchina wa 125, injini ile iliyofuata ramani ya Honda CG125, ambayo iko kwenye pikipiki nyingi za kichina mnazoziona mtaani. Naendesha Kimara kwenda Kibaha na kurudi, mara nyingi na mzigo, kwa hiyo wese kwangu ni jambo zito, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, wakitangaza bei kikomo ya mafuta mi nasikiliza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mtu akiniambia asilimia 30 lazima nisimame nimsikilize, na lazima nipime.

Tuanze na mali yenyewe. Nilichukua ule waya mrefu kuliko wote nikauchana na wembe. Ganda la plastiki ni nene mno, limekula zaidi ya nusu ya unene wote, ndani nyuzi ni chache, na ukikwangua uzi mmoja na ncha ya wembe ile rangi ya shaba inatoka unakutana na weupe wa alumini. Yani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini kwa unene ule ule inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kile shaba inachopitisha, alafu inakatika mapema ikitikiswa, na pikipiki muda wote ni mtikisiko. Vichwa vimebanwa juu juu, viwili nimevuta kwa mkono vikachomoka, ikabidi nivibane upya na koleo na kuvichomea kwa risasi. Sasa mtu anayekuuzia kitu ambacho kazi yake yote ni kupitisha umeme vizuri, na waya wenyewe ndo huo, hapo tayari kuna tatizo.

Kiboksi nacho nikakifungua, skrubu mbili tu. Ndani kuna kapasita mbili ndogo za volti 25, rezista moja na kitaa cha LED, basi. Kapasita za ukubwa ule zinaweza kutuliza kelele ndogo ndogo za umeme, lakini betri uliyonayo inafanya kazi hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi yake mara nyingi sana. Alafu kile kitaa kimefungwa moja kwa moja kwenye betri, hakipiti swichi, kinawaka usiku na mchana. Nilipima kinavuta kama miliampea 10. Inaonekana ndogo, ila kwa betri ndogo ya ampea-saa 5 (5Ah) kama ya kwangu ukisafiri ukaacha pikipiki ndani, wiki ya tatu unakuta betri imelala. Na kwenye mfuko wameandika inalinda betri!

Sasa hii ethi ni nini hasa, maana wengi wanafunga tu bila kujua. Umeme unatoka chanya ya betri kwa waya, unapita kwenye taa, honi, stata, alafu unarudi hasi kupitia chuma chenyewe, fremu na injini. Fremu ndo njia ya kurudia. Kuna waya mmoja mnene kutoka hasi ya betri umefungwa kwa bolti kwenye fremu au kwenye injini, na kuna waya mwembamba kwenye fungu la waya za pikipiki yako (kwenye hizi za kichina zilizofuata Honda ni ule wa kijani, msichanganye na gari ambako mweusi ndo hasi) unaokusanya hasi za taa, CDI (kiboksi kinachotengeneza umeme wa cheche ya plagi) na rektifaya (kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri). Pale kwenye bolti pakiingia kutu, au rangi, au bolti ikilegea, au kichwa cha betri kikiota ule unga mweupe, njia ya kurudi inabanwa, na volti zinapotelea pale kwenye kiungo badala ya kufika kwenye taa. Hiyo sehemu ya maelezo ya wauzaji ni ya kweli kabisa na siipingi.

Wanapoharibu ni pale wanaporuka kutoka hapo mpaka kwenye mafuta.

Fungua kabureta ya mchina wako uiangalie. Haina waya hata mmoja. Petroli inavutwa na upepo unaoingia kwenye injini, kiasi kinaamuliwa na jeti, nidli, boya na jinsi unavyozungusha mkono. Ufunge waya wa ethi mmoja au ishirini, jeti haijui. Kwa hiyo kama ethi inataka kugusa mafuta, njia pekee iliyobaki ni cheche ya plagi. Tuiangalie basi hiyo cheche.

Kwenye hizi injini za aina ya CG nyingi CDI yake ni ya AC, inakula umeme kutoka kwenye koili yake maalum kule kwenye magneti (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), haiombi chochote kwa betri. Ndo maana betri ikifa kabisa bado ukipiga kiki inawaka na unafika Chalinze nayo. Sasa niambieni, waya niliofunga kutoka hasi ya betri kwenda kwenye injini unaiongezeaje nguvu cheche ambayo hata betri isipokuwepo inatoka vile vile?

Na kuna hili ambalo mafundi wengi wanalijua lakini hawaliunganishi. Soma plagi yako. Ukiona NGK imeandikwa DR8EA, ile R maana yake ndani kuna rezista ya kama omu 5,000 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme), imewekwa makusudi kiwandani ili cheche isisumbue redio na vifaa vingine. Na kama plagi ni D8EA isiyo na R, mara nyingi kifuniko chake ndo kina rezista hiyo. Pikipiki inawaka vizuri na omu 5,000 zikiwa katikati ya njia ya cheche, alafu mtu anakuja kukuuzia waya wa kukupunguzia omu 0.02 upande wa kurudi, akwambie cheche imekuwa kali!

Hesabu ya nguvu nayo hii hapa. Chombo kikiwa barabarani ule waya mnene wa hasi unapitisha labda ampea 2 za kuchaji betri. Kwenye pikipiki yangu kiungo kinapoteza volti 0.05 hivi. Zidisha, unapata wati 0.1. Injini yenyewe ukiivuta mafuta mpaka mwisho inatoa karibu wati 8,000. Hata ungeiokoa ile yote hakuna tenki litakalojua. Na kibaya zaidi kwa hoja yao, pikipiki nyingi ndogo zina rektifaya ya aina ile inayotupa umeme unaozidi kwa kuupiga shoti, magneti inazalisha ile ile utumie usitumie, kwa hiyo hata hicho kidogo ukikiokoa kinageuka joto tu kwenye rektifaya.

Sasa nadharia ni nadharia, nikapima. Najaza tenki mpaka shingoni pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya katikati, sheli ile ile, pampu ile ile, natembea njia yangu ya siku zote, narudi najaza tena mpaka pale pale nasoma lita. Nilifanya hivyo wiki kadhaa na seti ikiwa imefungwa, nikaitoa, nikafanya tena bila seti, nikairudisha. Upepo wa tairi naangalia kila asubuhi, mzigo naukadiria uwe unafanana. Matokeo yalikuwa yanapishana kidogo, ila kupishana kwenyewe kulikuwa ni kule kule ninakokuona siku zote kutokana na foleni na mvua, kuna wiki bila seti ilikula kidogo zaidi na kuna wiki bila seti ilikula kidogo chini. Asilimia 30 ingejulikana hata bila kalamu, ile ni karibu theluthi ya pesa ya mafuta inabaki mfukoni!

Stata kweli nilisikia inazunguka na nguvu kidogo zaidi asubuhi, na hili halinishangazi, stata inavuta ampea makumi kwa mkupuo, hapo hata omu ndogo kwenye kiungo inaonekana. Taa sikuona tofauti.

Najua kuna watu watasema mbona mimi nilifunga na wese likapungua kweli. Siwaiti waongo. Kijiweni kwetu kuna kijana ana pikipiki ya kihindi, alikuwa analalamika miezi mingi, inamisi ukivuta mafuta, inapiga pap pap kwenye ekzosi ukiachia, usiku taa inafifia kila akikanyaga breki, na mafuta inakunywa kuliko zetu zote. Akafunga seti kama yangu, siku hiyo hiyo kumisi kukaisha na baada ya hapo ulaji ukashuka, yeye sasa ndo balozi wa hizi waya. Nikamwomba kaka naomba tuichunguze, akakubali.

Tukatoa seti yote. Nikaweka multimita (kipima umeme) kwenye DC volti, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye waya wa hasi unaoingia kwenye taa kubwa, taa ikiwa imewashwa. Ikasoma volti 1.3. Hapo tunatakiwa kuona sifuri nukta sifuri kitu! Kwa balbu ya nyuzi, ukiipunguzia volti 1 tu kati ya 12 mwanga unapungua kwa karibu robo, ndo ile taa ya njano iliyochoka. Tukafuata waya mpaka chini ya tenki, tukafungua bolti ya ethi. Fremu ilikuwa imepigwa rangi upya gereji fulani mwaka uliopita, na aliyepiga hakuziba pale kwenye kiungo, kile kichwa cha waya kimekaa juu ya rangi nyeusi safi inayong'aa, umeme wote wa chombo unapitia kwenye nyuzi za bolti tu, na bolti yenyewe ina kutu.

Alafu yake CDI ni ya DC, inategemea betri, inachukua volti 12 na kuzipandisha mpaka mamia ya volti ndani yake. Akiwasha taa, breki na indiketa kwa pamoja CDI inabaki na volti pungufu, cheche inakosa, petroli iliyoingia haiungui inatupwa kwenye ekzosi mbichi, ndo ule mlio. Hapo mafuta lazima yaliwe. Seti ilimsaidia kwa sababu waya mmojawapo uliruka kile kiungo kibovu ukapita pembeni.

Tukapiga msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana, upana wa shilingi, tukasafisha kichwa, bolti mpya na woshi yenye meno, tukakaza, tukapaka grisi juu yake kuzuia maji. Seti hatukuirudisha. Kipimo kikasoma 0.04. Haimisi, taa nyeupe, na wese limebaki pale pale liliposhukia wakati ana seti. Gharama yote ni bolti, woshi na kipande cha msasa. Elfu 25 yake ingebaki.

Kuna lingine linalowachanganya watu. Fundi akikufungia hizi waya anashusha tenki, anatoa plagi anaipiga brashi, anapima mwanya wake, wakati mwingine anapuliza na filta ya hewa, anakaza cheni. Ukirudi barabarani chombo chepesi unasifia waya za bluu, wakati kazi imefanywa na plagi safi na filta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodai kupunguza mafuta kwenye magari na halijakuta hata kimoja kinachopunguza kwa kiwango cha maana, kwa hiyo hii hadithi ni ya zamani na imezunguka dunia.

Kwa wenye injeksheni, yani pikipiki zisizo na kabureta, habari inabadilika kidogo na nataka niwe mkweli hapo. Kule kuna kompyuta inayosoma sensa, na sensa nyingi zinaongea kwa volti kati ya 0 na 5. Chukua sensa ya joto la injini, ikiwa baridi volti zinakuwa juu, ikipata moto volti zinashuka. Sasa hasi ya sensa ikiwa na kiungo kibovu volti zinapanda zenyewe, kompyuta inadhani injini bado ni baridi inaongeza petroli kama ya asubuhi, na hapo unakula mafuta kweli bila kujua. Kwa hiyo kwenye injeksheni ethi mbovu inaweza kugusa mafuta moja kwa moja. Lakini dawa yake ni kutafuta kile kiungo kibovu cha waya wa sensa na kukitengeneza, seti inayofunga injini na fremu inaweza isifike kabisa pale penye ugonjwa, maana sensa nyingi zinarudisha hasi yake ndani ya kompyuta yenyewe. Kama ethi zako zote ni nzima, kompyuta inasoma sawa, hakuna cha kuokoa.

Sasa kabla hujatoa hela pima. Multimita ya kawaida madukani ni kama elfu 15 mpaka 20, au mwombe fundi redio wa mtaani kwako. Iweke DC, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, iguse nguzo yenyewe ya risasi na sio kichwa cha waya, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma chini ya volti 0.2 uko vizuri, ikikaribia 0.5 kuna kiungo kinakula umeme. Alafu washa taa zote, hamisha ncha nyekundu kwenye hasi ya taa, hapo usikubali zaidi ya 0.1. Kosa ninaloliona mafundi wengi wanafanya ni kupima omu, pikipiki imezimwa, wanaona sifuri wanasema ethi nzima. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu unaonyesha sifuri ya omu vizuri kabisa, mpaka uupitishie mzigo ndo unajionyesha.

Ufungaji nao niuseme maana hapa watu wanaharibiwa injini. Maelekezo ya kwenye mfuko wangu yanasema waya mmoja ufungwe juu ya silinda hedi. Fundi wa kwanza niliyempelekea alishika spana anataka kulegeza nati ya hedi ili apenyeze kile kichwa, nikamwambia fundi acha. Zile nati zinakazwa kwa kipimo na kwa mpangilio, ukilegeza moja ukaweka kipande cha bati chini yake gasketi inaanza kuvuja oili na kompresheni, na hapo ndo utakula mafuta ya ukweli. Tumia bolti ya kifuniko cha pembeni au ile ya kushikilia injini kwenye fremu. Waya usipite karibu na ekzosi, hilo ganda linayeyuka, wangu ulianza kulainika nikauhamisha.

Nyota nimetoa mbili kati ya tano. Moja ya stata, moja kwa sababu kwa yule kijana ilifanya kitu. Tatu nimekata kwa ile asilimia 30, kwa alumini, na kwa kitaa kinachonyonya betri.

Kama ulishanunua usitupe. Kiboksi kiache, usikifunge. Chukua waya mmoja mfupi, bana vichwa upya, funga kutoka hasi ya betri moja kwa moja kwenye bolti ya injini uliyoisafisha kwa msasa, na mwingine kutoka betri kwenda hasi ya taa kubwa kama kipimo kilikuonyesha pana shida. Baada ya wiki rudia kukaza, vichwa vile ni laini vinalegea. Na kama wese ndo lilikupeleka dukani, angalia kwanza choki kama inarudi mpaka mwisho, mchina wangu ile wenzo ilikuwa inabaki nusu bila kujua na plagi inatoka nyeusi kama mkaa. Alafu filta, alafu breki ya nyuma kama inagusa, inua gurudumu uzungushe kwa mkono usikie. Mwanya wa plagi milimita 0.6 mpaka 0.7. Mwenye chombo cha injeksheni aliyepima hasi ya sensa akakuta namba za ajabu aweke hapa chini, na aseme ni pikipiki gani, tuangalie pamoja.